Ya Tatu Mpe Jembe: Dhana ya Nyumbani katika Black Virgin Mountain ya Larry Heinemann

Katika Black Virgin Mountain (2005), Larry Heinemann, askari wa Marekani aliyepigana Vietnam mwaka 1967 hadi 1968, anarejea huko na kuuona mlima wa Tay Ninh kuwa nyumbani. Masimulizi hayo yana unyofu. Hata hivyo, utulivu wa moyo wa anayerejea haumpi uenyeji. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkoani Quang Tri, jembe la mkulima lingali likigonga mabomu ya vita vile. Askari mstaafu Chuck Searcy, aliyehamia Hanoi na kushiriki kuanzisha mradi wa kuyaondoa mwaka 2001, anaidhihirisha methali hiyo kwa vitendo. Uenyeji hutolewa na aliyejeruhiwa. Aliyejeruhi huufanyia kazi.