Menyu Inayosema "Jaza Ritani": Mtazamo wa Kwanza wa MenuLibre kwenye Linux Mint

Menyu! Naam, hicho kitufe cha pembeni ambacho watu hukibofya bila hata kukitazama ndicho kilichoninyima usingizi wiki hii, na nasema wazi kuwa ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyogusa kwenye kompyuta mwaka huu. Nimeandika "rita" kwenye kisanduku cha kutafutia, na kabla sijamaliza neno ikachomoza aikoni iliyoandikwa "Jaza ritani". Nikabofya, tovuti ya kodi ya Kenya, iTax, ikafunguka kwenye dirisha lake lenyewe, safi, bila msururu wa tabu juu yake. Maneno hayo nimeyachagua mimi. Folda iliyoyabeba nimeiunda mimi. Na kazi yote imekwisha chai ikiwa bado ya moto!

Mashine yenyewe ni ThinkPad T440, ile laptopu ya ex-UK ambayo ukishuka Luthuli Avenue au ukipita Moi Avenue unaikuta imepangwa dirishani pamoja na ndugu zake wa EliteBook. Kizazi cha nne cha Intel. Microsoft ilifunga ukurasa wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo mashine nzima, yenye kibodi tamu na skrini isiyo na mkwaruzo, imewekwa kando na karatasi ya masharti. Linux Mint 22 toleo la Xfce haiulizi maswali hayo. RAM ya GB 4 inaitosha vizuri, na mfululizo huo utaendelea kupokea masasisho ya usalama hadi 2029.

Lakini sikuja kusifu Mint kwa jumla. Wengi wameshafanya hivyo. Nimekuja kwa ajili ya menyu.

Ile inayokuja na Xfce inaitwa Whisker. Inakaa kona ya chini kushoto, inafunguka papo hapo, na ndani yake kuna vipendwa, vilivyotumika karibuni, makundi, na kile kisanduku cha kutafutia. Ubofye kulia, uchague kuhariri programu, na hapo inaingia MenuLibre, kazi ya Sean Davis, kifaa ambacho watumiaji wa Xubuntu wamekuwa nacho kwa miaka. Kama haimo kwenye mashine yako, ipakue bure kutoka hifadhi ya programu ya Mint. Kushoto unaona menyu nzima kama ilivyo. Kulia unaona nafasi za kujaza: jina, maelezo, amri, picha. Kitufe cha kujumlisha kinakupa mambo matatu: aikoni mpya, folda mpya, au mstari wa kutenganisha. Mishale inapandisha na kushusha. Basi! Mtu aliyewahi kupanga vitu kwenye simu yake hahitaji kufundishwa.

Nikaunda folda, nikaiita "Serikali". Anayeijua Nairobi anajua kwa nini. Tangu app ya serikali, Gava Mkononi, izinduliwe tarehe 30 Juni 2023 na huduma zaidi ya 5,000 kutangazwa kuwa zimehamia mtandaoni, saiba, chumba cha kompyuta za kulipia, ndiyo ofisi ya mlango wa pili kwa mamia ya mitaa. Mtu asiyeweza kufika Huduma Centre ya GPO anaingia saiba ya karibu. Anataka PIN ya kodi ya KRA, anataka cheti cha tabia njema, anataka kujisajili bima ya afya ya SHA, mtoto wake anaulizia mkopo wa HELB na nafasi ya chuo ya KUCCPS. Na ikikaribia tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za watu binafsi, foleni inatoka nje mpaka kwa muuza mahindi. Sasa hebu fikiria mhudumu aliyezungukwa na foleni hiyo akitafuta alamisho ndani ya kivinjari kilichojaa alamisho za watu wote waliowahi kukaa kwenye kiti hicho. Halafu fikiria folda moja, "Serikali", na ndani yake: Jaza ritani. Cheti cha tabia njema. Jisajili SHA. Mkopo wa HELB. Kila kitu kwa jina ambalo mteja amelitamka alipoingia mlangoni.

Hapa ndipo kifaa cha pili kinapoungana na cha kwanza, nami nikasimama kitini. Mint ina kifaa kidogo kiitwacho WebApp Manager, kilichoingia na toleo la 20.1 mapema 2021. Unakipa jina, anwani ya tovuti, picha na kivinjari, nacho kinakutengenezea aikoni inayojitokeza kwenye menyu kama programu kamili. Lililonikuna zaidi ni kwamba unaweza kuamuru tovuti ifunguke kwenye dirisha la faragha. Kwa saiba hilo ni dhahabu tupu! Mteja akifunga dirisha, ameondoka na akaunti zake zote. Anayefuata hakuti akaunti ya eCitizen ya mtu mwingine ikiwa wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data tumekuwa nayo tangu 2019, lakini kwa mama aliyeandika namba ya kitambulisho chake kwenye kompyuta ya umma, ulinzi wa kweli ni dirisha lisilokumbuka.

Na chini ya haya yote kuna nini? Faili ya maandishi. Mistari michache tu, chini ya kichwa cha Desktop Entry kilichofungwa kwa mabano ya mraba, ambayo unaweza kuisoma kwa macho yako. Huu ni mfano rahisi, unaofungua tovuti kwenye kivinjari cha kawaida:

Type=Application
Name=KRA iTax
Name[sw]=Jaza ritani
Exec=xdg-open https://itax.kra.go.ke
Keywords[sw]=kra;pin;kodi;ritani;
Categories=Office;

Tazama mstari wa tatu. Huo "sw" ni sisi! Kompyuta ikiwekwa Kiswahili, jina la Kiswahili linashika nafasi. Ikirudishwa Kiingereza, linarudi lile la juu yake. Ukitaka kutenganisha Kenya na Tanzania, unaandika sw_KE na sw_TZ, na faili moja inawahudumia wote wawili. Utaratibu huu ni wa freedesktop.org, na ndio unaotumika GNOME, KDE, Cinnamon na Xfce, kwa hiyo jasho lako halipotei ukihama mazingira. Watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Walihitaji timu na ufadhili kutafsiri programu nzima. Kwa menyu, wewe peke yako na kihariri cha maandishi mnatosha.

Nikapanda matatu ya 46 mpaka Kawangware, kwenye saiba moja ambako wamekubali niijaribu kwenye mashine ya ukutani. Mama mmoja, mtu mzima, alikuja kwa shughuli za SHA. Mhudumu akamvutia kiti. "Shikamoo mama. Bofya hapo kwenye Serikali." Mama akakaza macho, akasogeza kipanya polepole, akasoma kwa sauti: "Jisajili SHA." Kisha akageuka. "Hii ndiyo yangu, siyo?" "Ndiyo yako, mama." Akabofya mwenyewe. Mhudumu akapata nafasi ya kumchapia kijana wa pembeni barua yake, na nikaona kwa macho yangu kile nilichokuwa nakihisi nyumbani: jina likiwa sahihi, mkono hauogopi.

Kasoro zipo, nami nazisema kwa sababu nakipenda kifaa hiki. Makundi ya WebApp Manager yamepangwa tayari, huwezi kuandika lako. Unaunda aikoni huko, kisha unaenda kuipeleka "Serikali" kwa MenuLibre. Hatua hiyo ya ziada ingefutwa kesho ningefurahi mno. Aikoni ukiiweka juu ya eneo kazi badala ya menyu, Xfce inaweza kukuonya kuwa haiamini faili hiyo mpaka uipe ruhusa ya kutekelezwa. Onyo ni la maana, ila linamtisha mgeni. Na ukihariri programu iliyokuja na mfumo, kinachobadilika ni nakala yako binafsi, hivyo masasisho ya baadaye hayagusi nakala hiyo. Mimi hilo nalipenda, kwa sababu ukichoka unaifuta nakala na ya asili inarudi ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya Xfce yenyewe bado itakuonyesha Kiingereza. Pale Kawangware nilimaliza ubishi kwa kuandika Kiswahili moja kwa moja kwenye mstari wa Name.

Kuficha nako ni raha. Saiba haihitaji kila kifaa cha mfumo kionekane kwa mteja, na kuficha hakuhitaji kufuta: weka alama kwenye nafasi ya kuficha, programu inabaki ndani lakini menyu inakaa kimya kuihusu. Menyu ya mashine ile ya ukutani sasa ina Serikali, Barua na Uchapaji, Mtandao, na Muziki. Vingine viko nyuma ya pazia vikimsubiri fundi.

Mwenye mashine nyingi asirudie kazi. Faili zako ziko ~/.local/share/applications, folda ulizounda ziko ~/.local/share/desktop-directories, na mpangilio wenyewe uko ~/.config/menus. Zitie kwenye flashi, zipeleke mashine ya pili, ya tatu, ya mwisho wa safu. Jina la mtumiaji liwe lile lile kote, kwa kuwa baadhi ya faili hutaja njia kamili ya folda. Na ukitaka aikoni ionekane kwa kila akaunti ya mashine moja, iweke /usr/local/share/applications. Mwenye saiba ameshaniuliza kama mashine zilizobaki zinaweza kuwa tayari kabla ya msimu wa ritani. Flashi ninayo mfukoni.