Mtunzi Katika Kiti cha Mhariri

Wako walimu wenzetu wasemao kwamba kazi ya gazeti humharibu mtunzi: humzoeza haraka na kumnyima kina. Kauli hii yafaa ipimwe, kwani sisi tulioko Kizuka na mwambao wote wa Rumonge, ambako Kiswahili husikika sokoni na mialoni kuliko kinavyosomwa, twatafuta njia ya kuwapata waandishi wetu wenyewe.

Tuanze na Mwingereza Charles Dickens. Mwaka 1850 alianzisha jarida la kila wiki, Household Words, lililouzwa peni mbili. Mwaka 1859 akalifuatisha na All the Year Round, aliloliongoza hadi alipofariki mwaka 1870. Mwaka 1860 riwaya ya Charles Lever iliyokuwa ikitolewa humo iliwachosha wasomaji, na mauzo yakashuka. Dickens hakungoja. Desemba ya mwaka huohuo akaanza kuitoa Great Expectations kwa mafungu ya kila wiki. Hivyo riwaya inayohesabiwa miongoni mwa bora zake ilizaliwa na hofu ya mhariri. Kweli, nafasi finyu ilimbana, naye alilalamika alipokuwa akiandika Hard Times mwaka 1854, lakini ufinyu huo humlazimisha mtunzi kupunguza maneno, na kuikomesha sura mahali ambapo msomaji hana budi kuuliza, "Kisha?"

Kwetu Afrika ya Mashariki, mfano wa karibu ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja (1918–1991). Mwaka 1948 aliacha kazi ya afya ya serikali akaingia katika uandishi wa magazeti. Tangu 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960.

Hapa pana tofauti. Jarida la Dickens lilikuwa nyumba ya riwaya zake. La Abdulla lilihusu mashamba, na riwaya ikapitia mlango mwingine. Hata hivyo twaiona alama ya mhariri. Bwana Msa, mpelelezi aliyefuata nyayo za Sherlock Holmes, hatishiki kwa habari za mizimu. Huuliza, hulinganisha, hungoja ushahidi, kama mhariri apimavyo habari kabla ya kuichapa. Kasoro nayo tuitaje: mazungumzo yake hurefuka mara nyingine hata kisa kikasimama. Msomaji wa peni mbili asingalivumilia. Twadhani kama riwaya hii ingalitoka kwa mafungu, wasomaji wangalimsaidia mtunzi kupunguza.

Maoni yetu, basi, ni kwamba jarida halimharibu mtunzi. Humpa msomaji anayengoja, na asiyengojwa na mtu huandika apendavyo. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na wanafunzi wetu husoma vitabu vya wenzao wa pwani. Ni vyema, lakini haitoshi. Kila shule yaweza kubandika ubaoni karatasi moja kwa wiki, yenye fungu la kisa kisichokwisha, na mwanafunzi mmoja akipewa kalamu ya mhariri. Gharama ni ndogo. Wiki ambayo karatasi itachelewa na watoto wakaja kuuliza iko wapi, hapo mwalimu atajua kwamba mtunzi wake amekwisha kupata wasomaji.