Ubinafsi Usemao "Sisi": Fasihi Yetu na Shamba la Ukoo

Neno "ubinafsi" lasikika mara nyingi mimbarani. Mhubiri alikemeapo, msikilizaji humwona mtu mmoja machoni pake: tajiri asiyetoa, kijana aliyehamia Dar es Salaam akasahau kwao, baba anywaye pombe kwa fedha za kahawa. Fasihi ya Kiswahili nayo, kwa sehemu kubwa, imetuzoeza kumtafuta mtu huyo mmoja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba picha hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, hasa kwa mchungaji atumikaye Bukoba na Muleba. Huku kwetu ubinafsi ulio mgumu kuliko wote hausemi "mimi". Husema "sisi".

1. Ndugu waliogeuka manyani

Tuanze na Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, Adili ni mtawala wa Janibu chini ya Mfalme Rai. Kila usiku huwachapa manyani wawili, kisha huwalilia. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Waligawana urithi wa baba yao. Wale wawili wakaponda mali, naye akagawana nao tena sehemu yake. Mwishowe wakamtupa baharini kwa wivu.

Mambo mawili katika kisa hiki yana uzito wa kitheolojia. La kwanza, ubinafsi humwondolea mtu sura ya utu. La pili, aliyeonewa naye hafungwi nje ya adhabu: Adili amelazimika kuushika mjeledi ambao hakuutaka. Tena ndugu hao hawajirudishii sura zao wenyewe, bali hurudishiwa baada ya kuombewa. Hapo mwandishi huyu Mwislamu anasema jambo ambalo Mlutheri hana budi kulisikiliza.

Lakini kuna upungufu. Jina la Hasidi limekwisha kumhukumu kabla hajatenda neno lolote, na jina la Adili limekwisha kumhesabia haki. Msomaji huchagua upande bila gharama, na ni nani asiyejiweka upande wa Adili? Wahenga walisema nyani haoni kundule. Kitabu kinachotuonyesha manyani wawili waziwazi hivyo kinaweza kutuachia raha ya kutojitazama.

2. Baba alindaye jina

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu, alikwenda mbali zaidi katika Rosa Mistika (1971), riwaya ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Zakaria ampiga binti yake Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana. Yeye mwenyewe haoni kwamba anajitafutia lolote. Aona kuwa anatimiza wajibu wa mzazi. Hata hivyo, kinacholindwa kwa fimbo si Rosa. Kinacholindwa ni heshima ya Zakaria. Binti aliyelelewa kwa hofu atoka nyumbani asijue namna ya kusimama mbele ya wanaume, na mwisho wake ni kujiua.

Kwa maoni yetu riwaya hii yaijua dhambi vizuri kuliko hadithi ya Adili, kwa sababu ubinafsi umevikwa vazi la wajibu. Bali hata hapa msomaji amebakiziwa mlango wa kutokea: Zakaria ni mlevi. Mzee wa kanisa asiyekunywa aweza kukifunga kitabu akiwa na amani.

Mhusika ambaye fasihi yetu haijamshughulikia vya kutosha ni wa tatu. Yeye si mlevi wala hana jina la aibu. Huketi kikao baada ya matanga, hufungua kwa sala, na huamua kwa kauli moja. Mhusika huyo ni ukoo.

3. Shamba la Kashasha

Habari za mhusika huyu tunazipata katika kumbukumbu za mahakama kuliko katika riwaya. Bibi mmoja wa Wilaya ya Muleba alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka, asiwe na mtu wa kumtunza, aliliuza mwezi Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, nayo ikayatangua mauzo hayo. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke wa Kihaya kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, asiiuze. Mwanamume alikuwa na nafasi ya kuiuza, ingawa naye kwa masharti. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ilipinga hukumu hiyo, na mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akathibitisha kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume.

Jambo la kutafakari zaidi ni sharti lililoambatana na hukumu. Ukoo haukunyang'anywa neno lake: mwanaukoo yeyote angeweza kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi bei yake. Sharti hili ni la haki, tena lapima mioyo. Lawauliza wanaukoo: Je, mnalipenda shamba la baba zenu kiasi cha kulilipia, au mlilipenda maadamu gharama yake ilibebwa na bibi mzee?

Tusiwe wepesi kuudharau ukoo. Nabothi alikataa kumpa Ahabu urithi wa baba zake (1 Fal. 21), naye alikuwa na haki. Wazee wetu walioonja nyarubanja, mfumo ambao mkulima aliishi kama mpangaji wa mkubwa katika kibanja alichokilima, walijua faida ya kuwa na watu wa kukusimamia. Biblia yenyewe yaujua mvutano huu. Binti za Selofehadi walipewa urithi (Hes. 27), kisha wakuu wa jamaa wakaja kulalamika kwamba ardhi ingetoka katika kabila (Hes. 36). Pande zote mbili zilisikilizwa. Ila tukumbuke utaratibu: haki ya mabinti ilitamkwa kwanza na Bwana mwenyewe, ndipo hofu ya jamaa ikatafutiwa njia.

4. Moyo uliojipinda

Luther, katika mafundisho yake juu ya Waraka kwa Warumi (1515–1516), alimweleza mwenye dhambi kuwa ni mtu aliyejipinda kujielekea mwenyewe, hata vipawa vyema vya Mungu huvipinda vimtumikie yeye. Ukoo ni kipawa chema. Basi nao waweza kupindwa. Askofu Josiah Kibira, aliyeiongoza dayosisi yetu tangu 1964, aliliona suala hili mapema, na kitabu chake cha mwaka 1974 kiliuchunguza ukoo wa Kihaya na Kanisa pamoja. Kwa kuliweka swali la ukoo kando ya lile la Kanisa, alitufunza kutoukimbia ukoo wala kuuabudu.

Miaka iliyofuata ilionyesha ukubwa wa swali hilo. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wajane na yatima waliongezeka, na vikao vya ukoo vikawa vingi. Baadhi ya koo zilibeba mizigo ya yatima kwa upendo ambao hakuna shirika lingeuweza. Nyingine zilimwondoa mjane kibanjani kabla migomba aliyoipanda haijazaa, zikasema, "Tunalinda mali ya marehemu." Hakuna aliyesema "nataka". Wote walisema "tunalinda". Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini hukula. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imezikataa mila zimnyimazo mwanamke haki ya ardhi. Hata hivyo sheria haiketi katika kila kikao.

Mchungaji huketi. Huyo aliyezika ni mara nyingi mwanaukoo, au rafiki wa mzee wa ukoo, na sahani ya kwanza ya ndizi huletwa mbele yake. Hapo ndipo mafundisho ya Luther juu ya uhuru wa Mkristo (1520), kwamba aaminiye haishi ndani ya nafsi yake bali ndani ya Kristo kwa imani na ndani ya jirani kwa upendo, yanapohitaji sauti ya mtu. Tukiwafundisha wanafunzi wetu kuzisoma hadithi, tuwafundishe pia kuuliza, kila wasikiapo "sisi", ni nani amehesabiwa humo na ni nani ameachwa nje akisubiri uamuzi. Swali hilo laihusu riwaya na laihusu mahakama. Lauhusu pia usharika na dayosisi, maana nasi husema "sisi" kwa urahisi mno.