Somo la Mwendo

Katika masomo yote ya elimu ya maumbile hapana lililo karibu na maisha ya mwanafunzi kuliko somo la kani na mwendo. Wala sidhani kama liko jingine linalofundishwa kwa umbali mkubwa kama hilo. Mtoto wa Nakuru hupanda matatu, husukuma toroli, huongoza punda wa maji, na hutazama malori yakishuka kutoka Mau kwa kishindo. Kisha huingia darasani, akaandika katika daftari lake sentensi tatu alizoandikiwa ubaoni, akazikariri, na siku ya mtihani akazirudisha kama mtu arudishavyo sahani ya jirani, safi na tupu. Nia ya insha hii ni kulihakiki somo hilo, yaani kutazama jinsi lifundishwavyo, lipi ndani yake ni jema na lipi lataka kurekebishwa. Kanuni zenyewe sizihakiki. Isaac Newton alizichapisha mwaka 1687, na tangu hapo zimestahimili majaribio yasiyo na idadi. Albert Einstein alipoonyesha mpaka wake mwaka 1905, hakuzibatilisha kwa mwendo wa punda wala wa lori.

Tuanze na kanuni ya kwanza. Yasema kwamba kitu kilichotulia hudumu katika utulivu wake, na kitu kiendacho hudumu kwenda kwa kasi ile ile katika mstari ulionyoka, isipokuwa kani itokayo nje ikiibadili hali yake. Nusu ya kwanza ya maneno hayo hapana anayeikataa. Nusu ya pili hapana anayeiamini. Nasema hivi kwa kuwa siku moja niliketi nyuma ya darasa katika shule moja ya bonde hili, mwalimu akasoma kanuni, na kijana mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, mkokoteni ukiacha kuusukuma husimama." Darasa lote likacheka. Mwalimu akajibu kwamba kanuni ni kanuni, akafuta ubao, akaendelea na ya pili.

Kicheko kile kilikuwa dhuluma. Kijana alisema alichokiona kwa macho yake, na jambo alilolisema ndilo lililofundishwa na Aristotle, Mgiriki mwenye hekima aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Watu wenye akili kubwa walilishika fundisho hilo kwa muda wa miaka 1,900 hivi. Ikiwa wao hawakuona kosa lake, itakuwaje mtoto wa kidato atakiwe kuliacha kwa dakika moja, na kwa amri? Mwalimu yule alikuwa amepewa zawadi akaitupa. Swali la mkokoteni ndilo mlango wa kanuni ya kwanza, wala hauna mlango mwingine.

Galileo aliingia kwa mlango huo. Alichukua mpira mdogo akauachilia katika mteremko laini, ukashuka, ukapanda mteremko wa upande wa pili mpaka karibu na kimo kile kile ulichotoka. Mteremko wa pili ukilazwa zaidi, mpira huenda mbali zaidi ili kukifikia kimo chake. Basi aliuliza: mteremko wa pili ukilazwa kabisa, ukawa sawa na uso wa maji yaliyotulia, na msuguano ukaondolewa, mpira utasimama wapi? Hapa mtu hufikiri, hunyamaza, na huanza kuona. Jaribio hili halitaki maabara. Lataka mbao mbili na gololi. Hata mkokoteni wenyewe watosha: usukume katika mchanga, kisha katika murram, kisha katika lami, kisha uutie grisi katika ekseli, na kila mara pima kwa hatua umbali uendao baada ya kuachiliwa. Mwanafunzi ataona kwamba kusimama kwa mkokoteni si tabia yake, bali ni kazi ya mchanga na ya ekseli. Atakapoliona hilo hatahitaji kuambiwa kwamba kanuni ni kanuni.

Yafaa nitoe neno hapa juu ya lugha, kwa sababu sehemu kubwa ya giza la somo hili ni giza la maneno. Galileo kitabu chake cha mwaka 1632 alikiandika kwa Kiitaliano, lugha ya watu wake. Newton aliandika kwa Kilatini, na Waingereza wenyewe walingoja mpaka mwaka 1729, miaka miwili baada ya kufa kwake, kukipata kitabu chake kwa Kiingereza. Sisi katika sekondari za Kenya twafundisha fizikia kwa Kiingereza, na sidai hapa kwamba jambo hilo libadilishwe kesho. Nadai tu kwamba mwalimu aonaye macho ya wanafunzi wake yamekufa aruhusiwe kueleza kanuni kwa Kiswahili bila ya kuona haya, kisha arudi kwenye lugha ya mtihani.

Lakini Kiswahili nacho kina mitego yake. Neno nguvu kwetu ni la ng'ombe, la serikali, la dawa, la umeme na la hoja. Ukimwambia mtoto kwamba nguvu ni kitu kibadilishacho mwendo, atakuwa na nguvu kumi kichwani kabla ya kuifikia hiyo moja. Vitabu vya Tanzania vimechagua neno kani, nami nalipenda kwa ufupi wake. Hata hivyo lina kasoro: mtu aliyeshika kani kwa Kiswahili cha watu ni mkaidi, na ukaidi katika fizikia si wa kani, ni wa kitu chenyewe kinachokataa kubadilishwa. Sifa hiyo ya kitu Newton aliita kwa jina la Kilatini lenye maana ya uvivu, na wako watakaosema ajizi. Siafikiani nao. Ajizi yafaa kwa jiwe lililolala kando ya barabara. Lori lishukalo mteremko halina ajizi yoyote, nalo linayo sifa ile ile ya jiwe: halitaki kubadili hali yake. Ningeiita ukaidi, na mwanafunzi angeelewa mara moja kwa nini abiria wa matatu hutupwa mbele dereva afungapo breki. Hapana aliyewasukuma. Wao walikuwa wakienda, gari likazuiliwa, nao wakashika njia yao.

Kanuni ya pili ndiyo yenye hesabu, na kwa ajili ya hesabu hupendwa na watunga mitihani. Kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Mwanafunzi hupewa tarakimu mbili akatafuta ya tatu, akapata alama zake. Hesabu hiyo haina kosa, ila haina mahali. Tuipe mahali. Tuchukue barabara kuu itokayo Nakuru kwenda magharibi, ipitayo Salgaa na Sachangwan kuelekea Mau Summit, ambayo kila mkazi wa bonde huijua kwa sifa yake mbaya. Tuseme lori la tani 40 lashuka mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20 za njia, na dereva, kwa tamaa ya kubana mafuta, ametia gia huru. Sehemu ya uzito inayolivuta kufuata njia ni 1 ya 20, yaani uzito wa tani 2, kiasi cha nyutoni 20,000. Igawanye kwa tungamo lake, utapata mchapuko wa karibu nusu mita kwa sekunde katika kila sekunde. Ni kidogo mno. Mtu aketiye ndani hatausikia. Lakini tukiacha upinzani wa hewa na wa magurudumu, lori lililoanza kutoka kusimama litakuwa, baada ya dakika moja, katika mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, nalo halijamaliza kilomita moja ya njia.

Mwambie mwanafunzi afanye hesabu hiyo tena kwa lori la tani 10. Atapata mchapuko ule ule, naye atadhani amekosea. Hajakosea. Lori zito halichapuki kuliko jepesi katika mteremko, kwa kuwa kinachozidishwa katika kani huzidishwa pia katika ukaidi. Tofauti huonekana wakati wa kusimamisha, maana breki za lile zito zatakiwa kutoa kani mara nne ili kupata matokeo yale yale. Kisha iko hesabu ya tatu, ambayo ningependa kila kijana wa bonde hili aifanye kabla ya kupewa leseni. Gari lipunguzalo mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, katika njia tambarare, likiwa katika kilomita 50 kwa saa husimama baada ya mita 19 hivi. Likiwa katika kilomita 100 kwa saa halisimami baada ya mita 38, bali baada ya mita 77. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Katika mteremko hali ni mbaya zaidi, kwa sababu breki zina deni la kulipa kwanza, lile la uzito wa tani 2, kabla hazijaanza kupunguza chochote. Nazo zikitumiwa mfululizo hupata moto na kupoteza mshiko. Ndiyo sababu dereva mwenye busara hushuka kwa gia ya chini, injini ikimsaidia kuzuia.

Tarehe 31 Desemba 2017, mahali paitwapo Migaa katika barabara hiyo, basi na lori viligongana uso kwa uso, na watu 36 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, penye njia panda ya Londiani katika Kaunti ya Kericho, lori liliacha njia likawapiga watu na magari kando ya barabara. Waliokufa walipita 50. Siandiki kwamba waliofariki walifariki kwa sababu ya kukosa fizikia. Sababu za ajali ni nyingi, na kuzipima ni kazi ya wengine. Naandika kwamba kanuni ya pili ina makaburi katika wilaya hizi, ilhali vitabu vyetu huieleza kwa kipande cha mti kivutwacho juu ya meza laini.

Kanuni ya tatu ndiyo fupi kuliko zote, na ndiyo ifundishwayo vibaya kuliko zote. Kwa kila tendo liko jibu lililo sawa nalo na lililoelekea kinyume. Mwanafunzi mwerevu hukaa akafikiri, akasema: punda avuta gari mbele, na gari lavuta punda nyuma kwa kani iliyo sawa, basi sawa kwa sawa hufutana, na gari haliwezi kuondoka. Nimeona walimu wakilikwepa swali hili, na wengine wakilijibu kwamba punda huvuta zaidi kidogo, jibu ambalo huivunja kanuni ili kuliokoa gari. Jawabu la kweli liko katika neno moja ambalo sentensi ya daftari haikulitia: mwili upi? Kani ya punda yalipiga gari. Kani ya gari yampiga punda. Ziko katika miili miwili, wala haziwezi kufutana, kama vile deni langu haliwezi kufutwa na akiba ya jirani. Ukitaka kujua kama gari litaondoka, hesabu kani zilizo juu ya gari peke yake: punda avutaye mbele, na msuguano uzuiao nyuma. Ukitaka kujua habari ya punda, tazama kwato zake. Yeye huisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi humsukuma mbele. Mpeleke katika matope ya msimu wa mvua, ambamo ardhi haimjibu, utamwona akiteleza pale pale, nguvu zake zote zikiwa hazina kazi.

Huenda msomaji akasema kwamba haya yataka vifaa na nafasi, na shule zetu hazina. Wako walimu wenye haki ya kusema hivyo. Lakini tunao ushahidi wa karibu. Mwaka 2019 mwalimu Peter Tabichi wa Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, katika kijiji cha Pwani huko Njoro, alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia, yenye dola 1,000,000. Alifundisha hisabati na fizikia. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Habari yake ilipoenea, wengi wetu tulishika jambo la ukarimu wake, kwamba alitoa sehemu ya 80 kwa 100 ya mshahara wake kwa wahitaji, na ni jambo la kushikwa. Lakini mimi hushangazwa zaidi na jingine. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, wakashinda nacho katika maonyesho ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2018. Katika shule isiyo na kitu, walianza na kupima. Na kupima, kwa hatua, kwa kamba, au kwa saa ya mkononi, ndiko kulikompa Galileo kanuni zake.

Nina lawama moja iliyobaki, nayo ni juu ya maswali ya mitihani. Aghalabu hudai, "Taja kanuni ya kwanza ya Newton," swali liwezalo kujibiwa sawasawa na kasuku. Kwa mahali pake ningeweka hili: Matatu yashuka kutoka Gilgil kuelekea Naivasha kwa mwendo usiobadilika, katika njia iliyonyoka. Chora mishale ya kani zote zilizo juu ya gari, na useme kama jumla yake ni sifuri au sivyo. Wengi wataongeza mshale mmoja wa mbele, mkubwa kuliko yote, kwa sababu gari laenda. Mwalimu asiuchape mshale huo kwa wino mwekundu. Amwite aliyeuchora, amuulize ni kitu gani kilichousukuma.