Mtazame Miguu: Namna ya Kumpima Bondia

Asubuhi moja shuka ukingoni mwa mto hapa Kindu, pale mitumbwi inapovusha watu kwenda Alunguli, umtazame mpiga kasia. Mikono iache. Mikono ya hodari wa Wagenya, watu wa mto huu, na ya kijana anayejifunza inafanya kazi ileile. Hodari amesimama kwenye chombo kinachoyumba, magoti yamelegea kidogo, nguvu inaanzia unyayoni, inapanda nyongani, ndipo inafika kwenye kasia. Kijana anasukuma kwa mabega, na safari ya pili haijaisha anahema. Mimi nilianza kuijua ngumi nzuri hapo mtoni, kabla sijajua pointi ni nini.

Kwenye kibanda cha video mtaani Kasuku, jenereta likinguruma nje, watu hupiga kelele kila glavu inapogonga kitu chochote. Hapo ndipo macho yanapodanganywa. Ngumi inayotua kwenye mkono wa mpinzani, begani au nyuma ya glavu yake haina hesabu. Inayohesabiwa ni ile iliyotua kwa sehemu ya vifundo, mbele au pembeni ya kichwa, ubavuni au tumboni, juu ya mkanda. Majaji ni watatu. Anayeshinda raundi hupewa 10, mwenzake kwa kawaida 9, na akiangushwa, mara nyingi hubaki na 8. Kwa hiyo raundi ya dakika tatu inaweza kuamuliwa na makonde manne safi, huku mwenzake amerusha arobaini yaliyopotelea kwenye viwiko. Funga masikio, fungua macho.

Kisha teremsha macho hadi miguuni. Bondia akipiga, nusu sekunde baadaye yuko wapi? Mbovu amebaki palepale, miguu imekaribiana, kidevu juu, anautazama uzuri wa ngumi yake. Mzuri amekwisha kusogea hatua moja pembeni, na anayemtafuta anakuta hewa. Katika hili watu wa Lubumbashi wana haki ya kujivuna, kwa sababu Sumbu Kalambay, aliyezaliwa kwao 1956 na kuhamia Italia, alikuwa mwalimu wa miguu. Hakuwa na konde la kuua ng'ombe. Alikuwa na mkono wa mbele usiolala na hatua zisizovukana. Mwaka 1987 alimshinda Iran Barkley kule Livorno akawa bingwa wa dunia wa uzani wa kati. Machi 1988 huko Pesaro akamshinda kwa pointi Mike McCallum wa Jamaika, mtu ambaye hadi siku hiyo hakuwa ameshindwa na yeyote. Anayependa damu atalala usingizi akitazama pambano lile. Mwache alale.

Wakongo tukianza kuongea ngumi lazima tufike Kinshasa, 30 Oktoba 1974, uwanja ule unaoitwa leo Tata Raphaël. Ilikuwa saa kumi alfajiri kwao, saa kumi na moja kwetu Kindu. George Foreman alikuja na mapambano 40 bila kushindwa. Joe Frazier na Ken Norton, ambao kila mmoja alikuwa amewahi kumshinda Muhammad Ali, alikuwa amewamaliza ndani ya raundi mbilimbili. Kila mzee atakusimulia kwamba Ali alijiegemeza kwenye kamba hadi mwenzake akachoka. Simulizi hiyo ni ya kweli lakini ni nusu. Itazame tena raundi ya kwanza: Ali anatanguliza mkono wa kulia, mkono ulio nyuma, wenye safari ndefu. Kumtangulizia bingwa mkono huo ni kama kumtukana, na Foreman alikasirika kama mtu aliyetukanwa. Hasira ndiyo iliyomchosha nusu, kamba zikamalizia. Na hapo kwenye kamba, tazama viwiko vya Ali vilivyobana mbavu, kichwa kilichorudishwa nyuma nje ya ulingo, na ngumi fupi zilizonyooka anazojibu nazo kila Foreman anapovuta pumzi. Mpaka Foreman anaanguka raundi ya nane, majaji wote watatu walikuwa wamemweka Ali mbele. Aliyedhani Ali alikuwa anapigwa tu alikuwa anatazama mikono ya Foreman.

Konde la tumbo ni somo la peke yake, na walimu wake ni Wameksiko. Ini liko kulia, chini ya mbavu. Linapigwa kwa mkono wa kushoto unaozunguka kutoka upande. Ajabu yake ni kuchelewa. Aliyepigwa kidevuni huanguka papo hapo, lakini aliyepigwa ini hupiga hatua moja au mbili kama hana habari, kisha uso unakunjamana, goti linakwenda chini, akili yake nzima ikiwa inahesabu kumi bila uwezo wa kusimama. Julio César Chávez, mtoto wa Culiacán, alijenga nyumba yake juu ya konde hilo. Tarehe 17 Machi 1990, huko Las Vegas, alikutana na Meldrick Taylor, Mmarekani mwenye mikono ya umeme, bingwa wa Olimpiki wa 1984. Ngumi alizorusha Taylor zilikuwa nyingi zaidi, na zilizotua pia, na majaji wawili walimpa uongozi mkubwa. Lakini kila konde la Chávez lilibaki mwilini mwa Taylor. Raundi ya 12 Taylor aliangushwa, akainuka, mwamuzi akamtazama machoni, akasimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde mbili. Mpaka leo watu wanagombana kuhusu sekunde zile. Mimi nasema tazama uso wa Taylor raundi ya tisa, ulivyovimba. Kuhesabu ngumi bila kuzipima uzito ni kununua samaki kwa idadi ya vichwa.

Na ukiambiwa bondia ana rekodi isiyo na doa, uliza tu alipigana na nani.

Na usijifanye mjuzi mno. Kalambay, yule yule wa miguu mizuri, aliingia ulingoni Las Vegas Machi 1989 kupambana na Michael Nunn, mwenye mashoto. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia wenzangu waangalie hatua. Hatua zenyewe hatukuziona: ngumi moja ya kushoto ilimlaza, na pambano zima lilichukua sekunde 88. Mwenye kibanda akarudisha mkanda nyuma, tukaitazama tena, na mara ya tatu mzee mmoja wa Mikelenge akanyoosha kidole kwenye kioo, akaonyesha uzito wa Kalambay ulikuwa umekaa mguu upi.