Hakutembea Tu, Aliimba

Kila anapotajwa Maryam Mursal, hesabu ni zile zile: watoto watano, miezi saba njiani, kutoka Somalia kupitia Kenya na Ethiopia mpaka Djibouti, halafu hifadhi Denmark. Yote ni kweli. Lakini hebu muulize anayekusimulia: sauti yake ikoje? Hapo wengi hunyamaza. Miguu yake tunaijua, koo lake hatulijui.

Mama huyu hakuzaliwa barabarani. Alizaliwa 1950, na katika miaka ya sitini alikuwa tayari anaimba kwenye vilabu vya usiku vya Mogadishu, kazi ambayo mwanamke hakutarajiwa kuifanya. Akawa sauti ya mbele ya Waaberi, kundi kubwa la taifa. Kisha akaimba "Ulimada", wimbo ulioichoma serikali ya Siad Barre kwa mafumbo. Akapigwa marufuku ya miaka miwili, akaendesha teksi ili watoto wale. Sisi watu wa pwani fumbo tunalijua, ndio chumvi ya taarab. Huyu alilitumia mbele ya wenye bunduki.

Zisikilize albamu zake mbili. "New Dawn" ya 1997, aliyoimba na wenzake wa Waaberi, ni udi, ngoma na sauti. Hakuna pa kujificha. Sauti ni nzito, ina mikwaruzo, inapanda bila kuomba ruhusa. "The Journey" ya 1998 imejaa magita na mitambo ya studio, na jina lake linamuuza kwa safari. Mimi naona ya kwanza inaizidi ya pili, maana inamwamini mwimbaji. Lakini hata katika hiyo ya pili kuna "Somali u Diida Ceeb". Jina tu linawaambia Wasomali waikatae aibu. Pale hamlilii Mzungu amhurumie. Anasema na watu wake, kwa ukali wa mama.

Atatokea wa kusema: bila hadithi ya safari, nani Ulaya angemsikiliza? Sawa, safari ilimfungulia mlango. Lakini Mdenmark Søren Kjær Jensen, aliyemfikisha studio, alivutwa na kuimba kwake. Kutembea tulitembea wengi.

Sisi Wabajuni wa Chula, Chovai, Koyama na Kismayo tunalijua sikio la namna nyingine. Wenzetu wakiomba hifadhi Ulaya, wamewahi kurekodiwa maneno yao yakapelekwa kwa wachambuzi wa lugha: huyu ni wa Somalia kweli, ama ni wa Mombasa? Tamka hivi umepita, tamka vile umeanguka. Sikio hilo halitafuti utamu wa Kibajuni, latafuta ushahidi. Mhoji ana kazi yake, simkatazi. Ninachokataa ni sikio lake kuletwa kwenye muziki.

Mfano mwingine ni Malika, yaani Asha Abdow Suleiman. Naye asili yake ni Somalia, naye vita vilimtoa. Lakini wapenzi wa taarab hawakumdai hadithi ya kukimbia. Walimdai "Vidonge". Waliuimba harusini, wakaupelekea wenye maneno yao, na vikundi vingine vikauchukua. Hiyo ndiyo heshima: mtu kukudai wimbo.

Nyinyi wa mashirika, hili nawaambia kwa wema. Kila Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, vijana wetu hupewa kipaza sauti na kuambiwa waimbe ukimbizi. Wanaimba, kwa sababu kipaza sauti ni adimu. Siku moja waambieni waimbe watakacho. Kijana akiimba mapenzi, au bahari, au jirani mwenye wivu, msidhani ameacha mada.

Na sisi wenyewe tusijizoeze kujieleza kwa vumbi la njia peke yake. Mtoto wako akiuliza Maryam Mursal ni nani, usianze na miezi saba. Mwekee "New Dawn" kwenye simu, mwache asikilize mpaka mwisho. Safari utamsimulia baadaye, akiuliza.