Tangi Lililoiva

Maji maangavu hayathibitishi kitu. Tangi lililojazwa jana hung'aa kuliko ziwa lenyewe, na ndilo linaloua samaki upesi. Nikiitwa kukagua tangi jipya la samaki wa Ziwa Tanganyika, kabla ya yote naomba kunusa.

Tangi bichi hunuka plastiki na klorini ya bomba. Lililoiva hutoa harufu hafifu ya udongo ulionyeshewa. Kisha napapasa jiwe. Nautafuta utelezi mwembamba, makazi ya bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, halafu nitrati. Mbili za kwanza ni sumu. Nitrati samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hawa hukua polepole, mara nyingi wiki 4 hadi 6, na anayeosha sponji ya chujio kwa maji ya bomba anawaua na kuanza upya.

Kwa samaki wa Tanganyika haraka ni hatari maradufu. Maji ya ziwa lile yana pH inayokaribia 9. Katika pH 7, amonia iliyo katika umbo lake kali haifiki asilimia 1. Katika pH 9, ni zaidi ya theluthi moja. Kiasi kile kile ambacho samaki wengine wangekistahimili, hawa kinawaunguza matamvua.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: tia amonia safi, isiyo na sabuni wala manukato, mpaka kipimo cha matone kionyeshe miligramu 2 kwa lita. Baada ya saa 24, amonia na nitriti zote zisome sifuri. Amonia ikiisha lakini nitriti imepanda, subiri. Hapo sikubali kubembelezwa. Tangi likifaulu, badilisha sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati, ndipo ulete samaki, wachache kwanza.

Mawe nayapima kwa tone la siki: yakitoa povu yana chokaa, nayo inafaa kwa maji haya yenye pH ya juu. Mchanga uwe laini, maana wale samaki wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono huuchimba kutwa.

Na ule mwani wa kahawia unaotanda kwenye mawe, ambao wengi hukimbilia kuufuta? Uache. Samaki wa ziwa hilo wa jenasi Tropheus watakapofika wataanza kuukwangua siku ile ile.